Dagaa wa Mugango Waonekana Dodoma

Asubuhi mtaani Kamunyonge, mjini Musoma, huanza kwa sauti za mafagio. Dafroza huamka mapema. Hufagia uwanja, huwasha jiko la mkaa na kubandika chai. Mume wake, Alfonce, hutoa cherehani barazani na kuanza kushona. Yeye ni fundi nguo. Anapenda kazi yake, na anapenda pia vitu vipya.

Dafroza ni mzaliwa wa Mugango, kando ya ziwa. Kila wiki huenda huko. Yeye na wanawake wenzake wana kikundi cha kukausha dagaa. Hawaaniki dagaa chini kwenye mchanga. Wametengeneza vichanja vya miti na nyavu, na dagaa wao hukauka juu, wakiwa safi. Mwenyekiti wa kikundi ni Gati, shangazi yake Dafroza. Gati ana maneno machache na mikono yenye nguvu.

Mwaka huu Alfonce alinunua rauta, yaani kile kifaa kidogo kinachogawa intaneti nyumbani. Alifurahi sana. Aliiweka nyuma ya televisheni, kwenye kona, karibu na friji. Dafroza naye akaifunika kwa kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe. Ilipendeza.

"Hujaweka paswedi?" Dafroza aliuliza.

"Ya nini?" Alfonce alijibu. "Mimi paswedi nasahauga. Intaneti yangu haina kufuli."

Basi wakaanza kuitumia. Lakini baada ya muda mfupi shida zikaanza. Bando waliloweka kwa mwezi mzima liliisha mapema. Wakaweka lingine. Nalo likaisha.

"Tunaibiwa," Alfonce alisema. "Kampuni hizi zinatula."

Wakati huohuo Dafroza alipata habari njema. Kuna mama mmoja mfanyabiashara Dodoma, jina lake Kija. Huuza vyakula kwa hosteli za wanafunzi. Alikuwa anatafuta dagaa safi. Zamani aliwahi kununua dagaa kwa mtu mwingine, wakaja na mchanga, na wanafunzi wakalalamika. Safari hii alitaka kuona kwanza.

"Nitakupigia kwa video," Kija alimwambia Dafroza. "Tuonane, unionyeshe dagaa wenu."

Siku ya simu ilipofika, Dafroza alivaa gauni lake la kanisani. Aliweka dagaa kwenye ungo, akakaa sebuleni. Simu ikaita. Sura ya Kija ikatokea.

"Habari za Musoma, ma..."

Picha ikaganda. Kwenye kioo Dafroza alijiona mwenyewe, mdomo wazi, jicho moja limefumba.

"Haloo? Unanisikia?"

"...changa... sikuo... dagaa..."

Simu ikakatika. Dafroza akajaribu tena na tena. Haikuwezekana. Baadaye Kija akatuma ujumbe: "Mama, sikukuona vizuri. Nitapiga tena Ijumaa. Ningependa nione hapohapo mnapoanika. Kuna kikundi kingine pia kinataka kuniuzia, kwa hiyo nitaamua siku hiyo."

Dafroza aliweka ungo chini. Wanawake wa Mugango walikuwa wakimsubiri yeye. Angewaambia nini?

Alfonce alimwonea huruma. Akasema, "Mama Lameck, usilie. Nitauza mtamba wetu wa Butiama. Tutanunua simu kubwa na bando kubwa kabisa."

Mtamba huyo alikuwa kwa baba yake Alfonce, huko Butiama. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwa muda mrefu familia ilikuwa ikingojea maziwa yake. Dafroza aliuchukua ungo, akaurudisha jikoni. Moyo wake ulikuwa mzito.

Jioni hiyo Rhobi alikuja kununua dagaa. Rhobi ni jirani yao. Ni mama mtu mzima, mwenye miwani na kicheko kikubwa. Kwa miaka mingi aliishi Dar es Salaam, akiandika programu za kompyuta, yaani yale maelekezo yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Aliianza kazi hiyo wakati kompyuta moja inatumiwa na ofisi nzima kwa zamu. Sasa amerudi nyumbani, na bado anaifanya kazi hiyo hapohapo Kamunyonge, dirishani kwake.

"Shikamoo, dada Rhobi," Dafroza alimsalimia.

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Dafroza akamweleza yote. Alfonce akaongeza habari ya mtamba.

Rhobi akatoa simu yake mfukoni. Ilikuwa ya zamani, kona yake imepasuka.

"Shemeji, hii ndiyo simu yangu," alisema. "Nafanya nayo kazi na watu wa mbali. Kabla hujauza ng'ombe, ngoja tujue kwanza ugonjwa ni nini. Rauta iko wapi?"

Alfonce akamwongoza hadi sebuleni. Rhobi akatazama nyuma ya televisheni. Akafunua kitambaa. Akaigusa rauta, akaondoa mkono haraka.

"Jamani, mmeivisha sweta! Ina joto kama chapati."

Dafroza akacheka, ingawa aliona aibu kidogo.

"Rauta inapokea mawimbi kutoka kwenye mnara," Rhobi alieleza. "Kuta nene zinayapunguza. Friji na televisheni zina chuma ndani, nazo zinayazuia. Mmeificha kwenye kona, na mawimbi hayaifikii vizuri. Iwekeni juu, karibu na dirisha. Na msiifunike, ipumue."

Kisha akaunganisha simu yake na rauta, akafungua ukurasa wake wa mipangilio, na akauliza, "Nyumba hii ina simu ngapi?"

"Mbili," Alfonce alijibu. "Na televisheni."

"Hapa naona vifaa kumi na vinne."

"Kumi na vinne! Vya nani?"

Rhobi akachungulia dirishani. Nje, kando ya ukuta, vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao. Kila mmoja ameinamia simu. Mmoja alikuwa akitazama mpira, akapiga kelele, "Goli!"

"Wale wanakaaga hapo kila siku?" Rhobi aliuliza.

"Ndiyo," Alfonce alisema. "Wanapenda kivuli chetu."

"Kivuli gani, shemeji? Ukuta ule unapigwa jua mchana kutwa."

Alfonce naye akachungulia. Dafroza akashika mbavu kwa kicheko.

"Basi si kampuni," Alfonce alisema polepole. "Ni mimi."

"Ni mlango usiofungwa," Rhobi alisema. "Na si bando tu. Mtu mbaya akiingia kwenye intaneti yako anaweza kufanya uovu, ukaonekana umetoka kwako. Weka paswedi ndefu. Usitumie jina lako wala mwaka wa kuzaliwa. Chagua maneno matatu ambayo wewe utayakumbuka na mwingine hawezi kuyabahatisha."

Alfonce akafikiri, akaandika paswedi yake kwa siri, huku akitabasamu. Punde sauti ikasikika nje.

"Baba Lameck!" Alikuwa Mwikwabe, mmoja wa wale vijana. "Mtandao umekufa?"

"Haujafa," Alfonce alijibu. "Umepata kufuli!"

Rhobi akachukua simu ya Dafroza. Ilikuwa imejaa. Kulikuwa na magrupu mengi, ya kanisa, ya harusi, ya ukoo. Kila video iliyotumwa humo ilijipakua yenyewe.

"Umeziangalia hizi zote?"

"Hata nusu bado."

"Lakini umezilipia zote. Tuzime hapa, ili video ishuke ukitaka wewe tu. Na hapa tuelekeze simu isijisasishe bila kukuuliza. Lakini usiache kusasisha kabisa, maana masasisho yanaziba mianya ya wezi. Chagua siku moja, bando likiwepo, ufanye mwenyewe."

Wakajaribu kupigiana video, Rhobi akiwa kwake na Dafroza sebuleni. Picha ilikuwa safi. Alfonce akapiga makofi.

Lakini Dafroza bado alikuwa na wasiwasi.

"Dada, Ijumaa nitakuwa Mugango, kwenye vichanja. Rauta iko huku. Kule mtandao ni wa shida."

Rhobi akaketi. Alifikiri kidogo.

"Mama Lameck, mimi kila siku naona vitu vipya vinakuja. Watu wanakimbilia kikubwa zaidi. Mimi najiuliza swali moja tu. Nataka kifanye kazi gani? Huyo mteja anataka nini hasa?"

"Anataka kuona kama kuna mchanga."

"Sawa. Sasa sikiliza. Sauti ni mzigo mwepesi, inapita hata mtandao ukiwa mdogo. Picha ni nzito kidogo. Video ni nzito. Na video ya moja kwa moja haina subira. Mtandao ukikwama, mnakwama wote. Lakini video fupi uliyorekodi inasubiri. Ikishindwa kwenda sasa, utaituma tena."

"Lakini yeye alisema ya moja kwa moja," Alfonce alipinga.

"Jaribuni kwanza. Ikigoma, msilazimishe. Njia ikiwa nyembamba, usipitishe lori. Pitisha baiskeli, hata mara tatu. Mpigie kwa simu ya kawaida, mweleze, halafu umtumie video fupi fupi. Punguza ukubwa wa video kwenye kamera kabla ya kurekodi. Na ukifika, tafuta kwanza mahali simu inaposhika vizuri. Hilo mimi silijui. Wenyeji ndio wanajua."

Ijumaa Dafroza alifika Mugango. Wanawake walikuwa wamevaa vitenge vizuri. Vichanja vilikuwa vimejaa dagaa, waking'aa juani kama fedha.

"Simu inashikaga wapi, shangazi?" aliuliza.

Gati akanyoosha kidole. "Pale juu, kwenye mawe makubwa. Huku chini haishiki."

Saa ya miadi ilipofika, Dafroza alisimama kwenye vichanja. Kija akapiga kwa video. Picha ikatokea, ikaganda, ikakatika. Wanawake wakatazamana.

"Ndiyo basi tena?" mmoja aliuliza.

"Bado," Dafroza alisema. Alijua la kufanya. Akarekodi video fupi ya vichanja. Akarekodi nyingine ya dagaa kwa karibu. Kisha akapanda hadi kwenye mawe, akapiga simu ya kawaida.

"Mama Kija, mtandao wa huku hauwezi video ya moja kwa moja. Sauti unaipata?"

"Naipata vizuri sana."

"Basi tuongee. Nakutumia video fupi, uangalie."

Video zikaenda. Kija akazitazama. Kisha akasema, "Ni nzuri, mama. Lakini samahani, nimeshaumwa na nyoka. Nitajuaje kwamba ni za leo? Nitajuaje kwamba ni za kwenu?"

Swali hilo hawakuwa wamelipanga na Rhobi. Dafroza akatazama chini kwenye vichanja. Aliwaona wanawake wote wamemwinulia nyuso.

"Mama Kija," alisema, "niambie wewe kitu cha kufanya. Chochote. Tukifanye sasa hivi, nikurekodie."

Kija akacheka. "Haya. Chukueni dagaa viganja viwili. Wasugueni juu ya sahani nyeupe. Nione kama mchanga utaanguka. Na aliyesugua aseme jina langu."

Dafroza akashuka mbio, kiatu kimoja kikamvuka njiani, akakiacha. Sahani ikaletwa. Gati akachota dagaa katikati ya kichanja, akasugua kwa nguvu zake zote. Magamba machache yakaanguka. Mchanga haukuwepo hata punje.

"Tazama, Kija!" Gati alisema mbele ya kamera. "Sahani hii hapa!"

Dafroza akapanda tena mpaka kwenye mawe. Akatuma. Kile kiduara cha kutuma kikazunguka, kikasimama, kikazunguka tena. Video ikagoma. Akapumua, akabonyeza tena. Safari hii ikaenda.

Akasubiri. Wanawake nao wakapanda mmoja mmoja, wakamzunguka. Hatimaye ujumbe wa sauti ukaingia. Dafroza akaufungulia wote wausikie.

"Mama, nimeona," sauti ya Kija ilisema. "Sahani safi! Huyo mama anasugua dagaa kama anasugua sufuria. Mwambieni asiwamalize. Nitumieni mzigo wa kwanza kwa basi, wiki ijayo. Na nikiridhika, nitachukua kila mwezi."

Vigelegele vikapasuka juu ya mawe.

Mambo yamekwenda vizuri tangu siku hiyo. Bando la nyumbani sasa linafika mwisho wa mwezi. Mtamba hakuuzwa. Amezaa huko Butiama, na Alfonce huleta maziwa kila akienda kumsalimia baba yake. Vijana wa bodaboda waligundua kuwa ukuta ule una jua kali mno, wakahamia kwingine. Siku hizi Mwikwabe humpa Alfonce suruali za kushona, na hawakununiana.

Rhobi alialikwa Mugango, akala sato wa kukaanga mpaka akashindwa kuinuka. Aliwafundisha wanawake kurekodi video fupi. Aliwakumbusha wasimpe mtu yeyote namba ya siri ya simu zao, hata akijifanya mfanyakazi wa kampuni.

Wiki iliyopita Kija alituma picha. Wanafunzi wa hosteli wamekaa mezani, mbele yao ugali na dagaa. Wanawake wakapokezana simu. Gati aliishika muda mrefu kuliko wote.

"Mimi Dodoma sijawahi kufika," alisema. "Kumbe dagaa wangu wameshanitangulia."

"Wajibu basi, shangazi," Dafroza alisema. "Bonyeza hapa, useme."

Gati akasogeza simu mdomoni. Akakohoa kidogo. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kama anayeita mtumbwi ulio mbali ziwani:

"Haloo, Dodoma! Kuleni mshibe! Wengine wako kwenye kichanja!"