Dirisha la Shangazi

Kila Jumanne na Ijumaa mchana, mama mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa alifungua dirisha la stoo ya chakula chuoni. Stoo hiyo ilikuwa katikati ya uwanja, mkabala na maktaba. Ndani mlikuwa na mchele, maharage, unga, mafuta na chumvi. Watu wema walivitoa ili mwanafunzi asiye na chakula apate kula na kusoma.

Mama huyo alikuwa karani wa ofisi ya wanafunzi. Chuo kizima kilimwita Shangazi. Jina hilo lilianza kwa mtu mmoja tu. Binti wa marehemu kaka yake alikuwa akisomea uuguzi hapo hapo, akamwita hivyo mbele ya wenzake. Wenzake wakalidaka.

Haki yake tumpe: Shangazi alikuwa na moyo mweupe. Lakini mdomo wake haukuwa na likizo.

"Wewe tena!" alimwambia kijana mmoja mrefu. "Juzi tu nimekupa mchele wa kulisha kikosi. Hilo ni tumbo au pipa?"

Foleni yote ikacheka. Kijana naye akacheka, maana angefanya nini? Akapokea mfuko wake. Mifuko ya stoo ilikuwa ya njano, na ubavuni iliandikwa kwa herufi kubwa: MSAADA WA CHAKULA. Kijana aliukumbatia, maandishi yakaelekea kifuani, akaondoka haraka.

"Na wewe binti, mbona unajificha nyuma ya mwenzako? Njoo mbele tukuone!" alimwambia msichana aliyefuata kwenye foleni.

Kwa Shangazi huo ulikuwa utani wa kumtoa mtu wasiwasi. Kwao walilelewa hivyo. Ukimpenda mtu, unamtania.

Siku zikapita, na foleni ikazidi kuwa fupi. Shangazi akafurahi. Alimwambia mshauri wa wanafunzi, kijana mpole aliyeajiriwa karibuni:

"Mwanangu, kazi imezaa matunda. Watoto wameshiba. Mwakani tunaweza kufungua siku moja tu kwa juma."

"Una hakika wameshiba, Shangazi?"

"Wangekuwa na njaa si wangekuja? Nani anakataa chakula cha bure?"

Mshauri alitaka kusema jambo, akalimeza. Alikuwa mgeni kazini, na Shangazi alikuwa na umri wa mama yake. Heshima ni kitu kizuri, lakini siku hiyo ilikuwa na gharama.

Wakati huo binti wa kaka yake alikuwa akikonda. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Miguu ilimvimba, akashindwa kukanyaga mashine, na kazi ikasimama. Akawa hana cha kumtumia mwanawe. Kila alipopiga simu kuuliza, binti alijibu, "Nimeshakula, mama." Ukweli ni kwamba mchana alikunywa maji yenye sukari, na jioni alikula kipande cha mkate.

Zamani alikuwa akienda kula kwa shangazi yake kila Jumapili. Akaacha. Alisema ana masomo mengi.

Siku moja walikutana njiani chuoni.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, shangazi."

"Mbona mashavu yameingia ndani? Au ndiyo mambo yenu ya urembo?"

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi akacheka, akampiga begani, akaenda zake.

Njaa ilimletea binti maumivu ya kichwa. Akawa anameza dawa za maumivu asubuhi na jioni. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Alijua kabisa kwamba dawa zile hazimezwi tumbo likiwa tupu. Lakini kichwa kiliuma kama kinachopasuka na mtihani ulikuwa karibu, akajikaza.

Asubuhi moja alikuwa wodini kwa mafunzo, akimtandikia mgonjwa kitanda. Akatapika damu. Akaanguka palepale, shuka mkononi.

Madaktari walimkuta na kidonda tumboni, kimetoboka. Walimpasua siku hiyo hiyo. Alipona, lakini alilala wodini majuma mengi, amepauka, na mrija puani.

Shangazi alikaa kando ya kitanda. Alipoona binti anaweza kusema, alimuuliza taratibu:

"Mwanangu, ufunguo wa stoo ninao mimi, kiunoni. Kwa nini hukuja?"

"Nilikuja, shangazi."

"Lini?"

"Siku ile ulipomtania yule kaka mrefu. Nilikuwa kwenye foleni, nyuma kabisa. Watu walicheka sana. Nikaondoka."

Shangazi akaushika ule ufunguo kiunoni.

"Ningefika dirishani ungesema, 'Hee, hata wewe, binti wa kaka yangu!' Ungesema kwa upendo, najua. Lakini ningetamani ardhi inimeze."

"Na Jumapili je? Nyumbani kwangu hakuna foleni."

Binti aligeuza uso ukutani.

"Ungeona ninavyokula haraka. Ungenitania."

Shangazi aliumia moyo kuliko siku alipomzika kaka yake. Siku ile aliweza kulia. Leo aliona haya hata kulia.

Mama wa binti alifika jioni, akijikongoja kwa mkongojo. Alimshika mwanawe mkono kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia wifi yake. Hakupaza sauti.

"Wifi, nilikukabidhi mtoto. Umelisha watoto wa watu wote. Wa kaka yako akalala njaa."

Shangazi aliinuka, akampisha kiti.

Mwaka huo wa masomo ukapotea. Binti alirudi kwa mama yake kujiuguza, na wenzake wakavaa sare za mwaka wa mwisho bila yeye. Aliwaona kwenye picha tu.

Shangazi alikwenda ofisini kwa mshauri. Hakuketi mpaka alipoambiwa.

"Siku ile ulitaka kuniambia kitu," alisema. "Niambie sasa."

"Nisamehe, Shangazi. Ilinipasa kusema palepale." Mshauri alivuta kiti karibu. "Nilipokuwa mwanafunzi, chuoni kwetu kulikuwa na stoo kama yako. Chakula kilikuwepo. Nilichoogopa ni ile njia ya kukifikia."

"Kwa hiyo foleni kupungua..."

"Si dalili ya shibe. Huwa ni dalili ya aibu. Mwenye njaa chuoni humjui kwa macho. Anavaa vizuri, anacheka na wenzake, halafu anakwambia amekula."

Shangazi aliinamisha kichwa. "Tufanyeje?"

"Kwanza tuhame pale uwanjani. Kule nyuma kuna chumba, jirani na ofisi ya vitambulisho. Watu wanapita huko siku nzima, hakuna atakayejua nani anakwenda wapi. Tufungue kila siku. Tuweke rafu kama dukani, mtu aingie achague mwenyewe, aweke kwenye mkoba wake."

"Wakichagua wenyewe si watakomba kila kitu siku ya kwanza?"

"Tutabandika kiasi cha kila mtu kwa juma. Wengi watachukua chini ya hapo, utaona. Na ile mifuko ya njano tuiache kabisa."

"Sawa."

"Halafu, Shangazi, bwenini jiko haliruhusiwi. Tunawapa maharage makavu, wapikie wapi?"

Shangazi alishika shavu. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza swali hilo.

"Tuwaombe wanaochangia watupe pia vyakula visivyohitaji moto," mshauri aliendelea. "Mkate, karanga, samaki wa kopo, maziwa, matunda. Vinavyokaribia kuharibika vikae mbele, vichukuliwe kwanza. Tangazo tulibandike ndani ya milango ya vyoo, mtu alisome akiwa peke yake."

"Na mimi kazi yangu itakuwa nini?"

"Kupanga rafu na kusalimia."

"Basi?"

"Basi, Shangazi. Usimuulize mtu kwa nini amekuja."

Kazi hiyo ilimtoa jasho kuliko kubeba magunia. Mara ngapi utani ulimfika kwenye ulimi, akaurudisha! Alisema "Habari za mchana" na "Karibu tena", akanyamaza. Mwanzoni walikuja wachache, wakiangalia nyuma. Baadaye wakazoea. Walikuja hata wale ambao hakuna aliyewadhania: kiongozi wa wanafunzi, mchezaji hodari wa mpira, binti mwenye viatu vya kung'aa. Yule kijana mrefu naye alirudi. Alichukua mkate na kopo moja la samaki tu, ingawa aliruhusiwa zaidi. Kabla ya juma kwisha rafu zilikuwa tupu, na mshauri akaenda kuomba vyakula vingine. Njaa ilikuwepo siku zote. Sasa ilikuwa na mlango wa kuingilia.

Mwaka uliofuata binti wa kaka yake alirudi chuoni. Alirudia mwaka wa masomo aliouacha, kati ya watoto asiowajua. Mchana mmoja mlango wa stoo ukafunguliwa, naye akaingia. Alitembea polepole, kiganja tumboni, palipokuwa na kovu.

Shangazi alikuwa anapanga makopo. Alitaka kumkimbilia. Alitaka kumjazia mkoba kwa mikono yake na kumwomba msamaha mbele ya watu wote.

"Habari za mchana," alisema, kama alivyomwambia kila mtu.

"Nzuri, shangazi."

Akageukia ukuta, akaanza kuyapanga upya makopo yaliyokwisha kupangwa. Nyuma yake alisikia mkate ukichukuliwa, kisha maziwa, kisha karanga. Binti hakuwa na haraka. Zipu ya mkoba ikafungwa.

"Asante, shangazi."

"Karibu tena."

Nyayo zilikwenda mpaka mlangoni, zikasimama.

"Jumapili nitakuja kula nyumbani."

"Njoo, mwanangu," alisema Shangazi. Hakuongeza neno, wala hakugeuka, kwa kuwa uso wake wote ulikuwa umelowa machozi.