Sauti Iliyorudishwa na Mafundi

Kompyuta ilirudi kutoka dukani ikinuka nywele zilizoungua.

Mama mkwe ndiye aliyeisikia harufu kwanza, maana pua yake haipitwi na jambo. Aliinama juu ya meza ya sebuleni, akanusa kibodi, akakunja uso.

"Wameiosha na nini hii?"

Mkwewe, mke wa mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mtangazaji, aliinua mabega tu. Hata angekuwa na jibu, asingelitoa kwa mdomo.

Kwa miaka mingi alikuwa sauti ya stesheni ya treni. Treni ikichelewa, yeye ndiye aliyewaambia abiria, na aliwaambia kwa upole uliowafanya wasamehe. Kisha koo likaota uvimbe, madaktari wakautoa, na sauti ikaondoka nao. Kilichobaki kilikuwa mkwaruzo, kama kabati linaloburutwa sakafuni. Aliusikia mara moja tu, pale kitandani hospitalini, akafunga mdomo na hakuufungua tena mbele ya mtu, hata mbele ya mumewe.

Bahati nzuri, kabla ya operesheni mdogo wake wa kiume, mtengeneza programu, alikuwa amemrekodi akisoma maneno mpaka akachoka. Rekodi hizo akaziingiza kwenye programu huria, zile za bure zinazotengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika kila kona ya dunia. Mtangazaji akiandika, kompyuta inasema, kwa sauti yake mwenyewe ya zamani. Kwa hiyo ilipoanza kupata joto na kujizima hovyo, nyumba nzima ilihaha. Wakaipeleka kwenye duka kubwa walikoinunua, ikabadilishwa feni, ikarudi na hiyo harufu.

Mchana huohuo mama mkwe alimletea chai. Mtangazaji akaweka vidole kwenye kibodi ili ashukuru. Kabla hajabonyeza herufi hata moja, kompyuta ikasema, "Asante, mama."

Wote wawili wakatazama vile vidole.

"Inabashiri tu, dada," mdogo mtu alisema alipokuja kuikagua. "Siku hizi programu zinajifunza."

Alisema hivyo huku ametega sikio. Feni ilivuma, ikatulia, ikavuma, ikatulia, kama mtu aliyelala chumba cha pili. Kisha kisanduku kikatokea kwenye kioo: *Kuna toleo jipya la sauti yako. Unakubali?* Akabonyeza Ndiyo bila kusoma, kama anavyofanya kila siku, na kama unavyofanya wewe.

Tangu hapo kompyuta ikaacha kungoja kuandikiwa. Mama mkwe akiwa jikoni alisikia anaitwa, akaenda sebuleni akifuta mikono, akakuta viti vitupu na feni inapumua. Akiwa bafuni alisikia mkwewe akitangaza treni: abiria wote wapande, mizigo waiache, treni hii hairudi. Alipoanza kusali, sauti ilimfuata neno kwa neno, kisha ikamtangulia, ikaitikia amina wakati yeye bado yuko katikati. Bibi wa watu alikaa kitako sakafuni.

Kibaya zaidi, ikapokea simu. Mume wa Mtangazaji, dereva wa lori, alikuwa safarini. Alipopiga, simu ilikuwa mezani kando ya kompyuta, nayo ikajipokea yenyewe.

"Mke wangu, za huko?"

"Nzuri. Usirudi," ikasema, laini kama mto. "Hapa tumeshatosha."

Mtangazaji aliirukia simu kutoka mlangoni, lakini kabla haijakatika alimsikia mumewe akicheka. "Una utani wewe! Ila sauti yako leo imependeza kuliko siku zote."

Hayo ndiyo yaliyomuuma. Alikaa jikoni akalia kwa hasira, kimyakimya, kama alivyozoea.

Mdogo wake akabeba kompyuta hadi dukani. Kijana wa kaunta aliiwasha, akaisikiliza kidogo, akaizima.

"Feni yetu nzima, kaka. Ni hizo programu zenu za bure. Ziondoe, weka za kununua, ndipo tutaigusa. Samahani kwa usumbufu."

Samahani ilimtoka bila kuinua macho.

Mdogo mtu akaandika kwenye jukwaa la wale watu wa kujitolea. Wa kwanza akamuuliza kama amesoma maelekezo. Wa pili akamwambia hilo ni tatizo la kifaa, arudishe dukani. Wa tatu akamkaripia kwa kuuliza mahali pasipohusika. Hebu niambieni, jini gani lingekataa makao kama hayo? Duka linasema si letu, jukwaa linasema si letu, na lenyewe limejilaza katikati limekunja nne.

Aliyejibu kwa haki alikuwa mtu aliyejiita Bundi, na hakujibu hadharani.

"Toleo jipya la sauti? Hatujatoa toleo lolote tangu mwaka jana. Hicho kisanduku hakuna aliyekiandika kwetu."

"Sasa nifanye nini?"

"Niliwahi kuona jambo hili, na sipendi kulisimulia. Liliomba ruhusa, mkaliruhusu. Futa kila kitu. Litagoma. Mwenye sauti alikatae yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, siyo kwa kuandika. Usiniulize zaidi."

Mama mkwe aliposomewa, alishika kiuno. "Kufuta ni kufuta. Si una nakala ya rekodi mahali pengine, mwanangu?"

Mdogo mtu akainamisha kichwa. Huyu ndiye aliyewahubiria ndugu, jamaa na majirani waweke nakala, aliyemcheka shangazi yake hadharani kwa kupoteza picha za harusi.

"Sina, mama. Ziko humo tu."

Kwa hiyo sauti ile ikifutika, imekwenda moja kwa moja. Mtangazaji aliitazama kompyuta. Halafu akachukua kipande cha karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: FUTA.

Mdogo wake akaamuru kufuta. *Unakubali?* Akapeleka mshale kwenye Ndiyo, mshale ukateleza wenyewe mpaka Hapana. Akajaribu tena, tena ukateleza. Akachomoa waya. Akafungua mgongo wa kompyuta, akatoa betri, akaiweka mkekani, na ile kompyuta isiyo na tone la umeme ikabaki inawaka, feni ikaanza kwenda mbio, harufu ya nywele ikajaa sebuleni hata pazia likanuka, na sauti ikatoka kila upande, kwenye redio iliyozimwa, kwenye simu zao mifukoni, chini ya kochi, sauti ileile nzuri iliyowatuliza maelfu ya wasafiri, ikiwaambia kwamba wakiifuta watamfuta na Mtangazaji, kwamba mumewe ameipenda kuliko alivyompenda mwenyewe, kwamba ilikuta kitu kimetupwa ikakiokota, na mwenyewe amekaa na mdomo umefungwa, kwa hiyo anadai nini, anadai nini, anadai nini.

"Dada," mdogo wake alinong'ona, "tukimbie."

Mtangazaji akafungua mdomo.

"Sitaki."

Kabati likaburutwa sakafuni. Hakuna aliyewahi kuisikia sauti hiyo ndani ya nyumba ile, na mdogo wake aligeuka kutazama ilikotokea. Kompyuta ikacheka, kwa kicheko chake yeye, kile alichokuwa nacho usichanani.

"Hiyo nayo ni sauti? Nani atakusikiliza?"

"Nimemsikia mimi!" mama mkwe akapiga kelele kutoka sakafuni, alikokuwa ameporomoka. "Sema, mwanangu! Sema tena!"

"Sitaki," Mtangazaji akasema, na koo likamwaka moto. "Sikukuruhusu mimi. Toka kwenye sauti yangu. Toka nyumbani kwangu. Toka!"

Mshale ukatetemeka, ukarudi taratibu mpaka Ndiyo. Sauti ikaanza kumwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliyelijua tena, ikalifikisha nusu, ikakatika. Feni ikasimama. Kioo kikawa cheusi.

Kisha mama mkwe akajikokota hadi kwa mkwewe, akamshika shavu.

"Ulikuwa unaificha ya nini?"

"Ni mbaya, mama."

"Ni mbaya, kweli," bibi akakubali, machozi yakimtoka. "Lakini ni yako."

Siku iliyofuata Mtangazaji alimpigia mumewe simu, akaongea kwa mdomo wake mwenyewe. Yule bwana akasema anageuza lori sasa hivi. Baada ya hapo Mtangazaji akaing'oa ile feni, akaifunga kwenye mfuko, akaenda dukani peke yake, akapanga foleni, akaiweka juu ya kaunta.

"Tunathamini uvumilivu wako," kijana akasema kwa mazoea. "Nikubadilishie nyingine?" Akanyoosha mkono nyuma, kwenye boksi lililojaa feni kuukuu zilizong'olewa kwenye kompyuta za watu.

"Zimetoka kwa nani hizo?" Mtangazaji akauliza.

"Sikusikii, dada. Ongea kwa sauti."

Zamani angeondoka. Sasa aligeukia foleni, akanyoosha mgongo kama mbele ya kipaza sauti.

"Ndugu wateja," akakwaruza. "Wanatuwekea feni zilizotumika. Waulizeni zilikotoka. Na mkiulizwa kama mnakubali, someni kwanza."

Watu wakaacha kuzungumza. Mmoja akasogea, kisha mwingine, wakainamisha masikio ili wasikose neno. Kijana wa kaunta ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka kutazama nyuma yake. Ndani ya boksi, bila waya wala umeme, feni zote zilikuwa zimeanza kuzunguka.

Mtangazaji aliziona. Hakurudi nyuma hata kidogo. Alivuta pumzi, akarudia tangazo lake tangu mwanzo.