Wageni Waliopelekwa Kilosa

Kila Jumamosi asubuhi Editha hufua mashuka. Mama yake, ambaye watu wa Mikumi humwita Mama Donati, ana nyumba ya wageni yenye vyumba vinane karibu na barabara kuu ya kwenda Iringa. Inaitwa Pumzika. Mashuka ya Pumzika hufuliwa hata kama hakuna aliyeyalalia, kwa sababu Mama hataki kuona vumbi. Siku hiyo Editha alifua huku amemkodolea macho nyani aliyeketi juu ya ukuta, kwa maana juzi tu nyani huyo alimwibia sabuni.

Walitarajiwa wageni saba kutoka Dodoma, na kwa miezi minne Pumzika haikuwahi kupata hata watatu kwa mpigo. Mama alikwisha kusema wazi. Wageni wasipopatikana hadi mwisho wa mwezi wa sita, atamwachia jengo mtu mmoja anayetaka kufungua baa, nao watarudi Lumuma kwa bibi kulima vitunguu. Editha alikuwa darasa la sita. Kila alipofikiria kuiacha shule yake na marafiki zake ili nyumba yao igeuzwe baa, alikunja uso.

Tumaini lake lilikuwa tovuti ya Pumzika. Kaka yake Donati, anayesoma chuo cha kompyuta Morogoro, aliitengeneza wakati wa likizo. Aliporudi chuoni alimwachia Editha nenosiri na simu ya zamani, ajaze picha na maelezo. Editha alijaza kwelikweli. Aliweka picha kubwa ya simba aliyoiokota mtandaoni, muziki unaoanza wenyewe, na picha ya bwawa la kuogelea. Pumzika haina bwawa. Ina tangi la maji na ndoo.

Wageni walitakiwa kufika saa sita mchana. Saa tisa hawakuwepo, na saa kumi kuku aliyepikwa na dada Sesilia, mpishi wao, alikuwa amepoa. Mama hakuweza kuwapigia, kwani fomu ya tovuti ilikuwa imewauliza barua pepe tu. Editha alifura kwa hasira. Watu gani hawa wasiojali muda wa wenzao?

Saa kumi na moja gari la kukodi aina ya Noah liliingia uani likiwa jekundu kwa vumbi. Akashuka mwanamume mrefu aliyekunja ndita, Mwalimu Evarist, kiongozi wa wale wageni. Wote saba walikuwa walimu.

"Hii ndiyo Pumzika?" aliuliza.

"Ndiyo. Tunawasubiri tangu saa sita," Editha alijibu. Shikamoo hakuitoa.

"Mnatusubiri? Sisi tumezunguka Kilosa tangu saa nne. Tumeshuka kwenye treni pale kwa sababu ramani yenu inasema mko Kilosa. Imetupeleka hadi kwenye mashine ya kusaga unga. Namba ya simu tumeitafuta hatukuiona, na vijana wa bodaboda wametucheka. Tungejua mko Mikumi tungeshukia Morogoro tukapanda basi la barabara ya lami."

"Kwani nyie hamjui Mikumi ni wapi?" Editha alifoka. "Mngeuliza tu."

"Editha." Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Umemwamkia mwalimu?"

"Shikamoo," Editha alisema kwa kubana meno.

"Marahaba," Mwalimu Evarist aliitikia, naye pia kwa kubana meno. Nyuma yake mwalimu mmoja wa kike alikuwa ameshika taulo, akitazama huku na huku. Alikuwa analitafuta bwawa.

Mama aliwaomba radhi, akawakaribisha ndani, kisha akamgeukia binti yake. "Nani aliweka ile ramani?"

"Donati," Editha alisema. Neno lilimtoka haraka kuliko alivyokusudia.

Mama hakungoja. Alimpigia Donati hapohapo, akamwambia maneno makali: kwamba amemwaibisha mbele ya watu wazima, kwamba chuo hakimfundishi chochote. "Mama, ramani sikuiweka mimi," sauti ya Donati ilisikika. "Nilimwambia Editha…"

"Usimsingizie mtoto," Mama alisema, akakata simu.

Editha alikwenda kuwapelekea wageni maji ya kunywa. Kwenye ukuta wa mapokezi ilining'inia leseni ya biashara, kama inavyotakiwa, na juu yake iliandikwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa. Alisimama akaitazama. Wakati wa likizo Donati alikuwa amemwambia, "Toka nje, simama mlangoni kabisa na simu, ndipo uweke alama." Lakini siku alipoiweka ramani jua lilikuwa kali na yeye alikuwa amejilaza mkekani. Akainakili anwani kutoka kwenye leseni, na ramani ikaipeleka Pumzika mjini Kilosa, makao ya wilaya yao, mwendo wa saa mbili na zaidi kutoka hapo. Basi kosa lilikuwa la nani? Hasira yote aliyokuwa nayo kwa wageni ilimrudia mwenyewe. Alitamani kulia lakini alijikasirikia mno.

Wageni walipokuwa wanakula, alisimama mbele ya meza.

"Mama, ramani niliiweka mimi. Na bwawa pia ni mimi. Kaka Donati hana kosa."

Mama aliweka bakuli la mchuzi mezani. Uso wake ulikuwa umewiva. "Umeniacha nimtukane mwanangu bure?" alisema taratibu, na taratibu hiyo ilitisha kuliko makelele. "Chukua simu. Mpigie hapa hapa."

Donati alipokea. Editha alieleza yote bila kuficha, akaomba msamaha.

"Leo sijisikii kukusamehe," Donati alisema. "Rekebisha kwanza."

Asubuhi, baada ya chai, Mwalimu Evarist aliwafuata Editha na dada Sesilia jikoni. Alikuwa anafundisha somo la kompyuta, na hasira yake ilikuwa haijaisha. "Sesilia, shika simu yako. Jifanye mgeni uliye Dodoma. Fungua tovuti, tafuta namba ya simu ya Pumzika."

Sesilia alifungua. Simba alianza kujitokeza kipande kwa kipande, masikio kwanza. Muziki ukalipuka, Sesilia nusura aiangushe simu kwenye sufuria.

"Shuka chini," Editha alisema.

"Nyamaza," Mwalimu Evarist alimkatiza. "Mgeni hatakuwa na wewe ubavuni."

Kunyamaza kulimuuma Editha, akamkunjia Sesilia uso. Sesilia alibonyeza simba, akabonyeza bwawa, akarudi kwa simba. Bando likaisha namba haijaonekana. "Mimi namtaka Mama Donati," alilalamika, "kila nikigusa naletewa simba."

"Umeona?" Mwalimu Evarist alimuuliza Editha. "Unamkasirikia Sesilia, lakini yeye hajakosea. Uliipamba tovuti ikupendeze wewe. Mgeni anataka kujua mko wapi, mna nini, na awapigie vipi. Hayo matatu umeyaficha."

Wageni walipoondoka, Editha alianza kazi. Alimfuta simba, akafuta bwawa, akazima muziki. Namba ya simu aliiweka juu kabisa. Alipiga picha za vitanda vyenye vyandarua na ua wenye kamba za mashuka, kisha akazipunguza ukubwa kwa maelekezo ya Donati, ambaye sasa alijibu ujumbe, ingawa kwa ufupi. Akaandika: "Hatuna bwawa. Maji ya moto tunakuletea kwa ndoo. Tuko Mikumi mjini, si Kilosa mjini." Mwishowe alisimama mlangoni kwenye jua la saa saba, akaweka alama ya ramani. Kila jioni alimpa simu mtu tofauti, akakaa kimya, akamwangalia anavyohangaika. Palipomkwamisha mtu, alipabadilisha.

Katikati ya mwezi wa sita vyumba sita vilikuwa na watu. Mgeni mmoja, dereva wa lori, alimwambia Mama kuwa alichagua Pumzika kwa sababu ya ile ndoo. Alisema mtu anayekubali kuandika habari za ndoo hawezi kumdanganya kuhusu kitanda.

Siku yule mtu wa baa alipokuja kudai jibu, Mama alimwambia atafute jengo jingine. Kisha akamketisha Editha kando yake.

"Mwanangu, mgeni akija na hasira, sikiliza kwanza. Mara nyingi anakuonyesha ulipokosea. Na kosa likiwa lako, liseme wewe, kabla mwenzako hajaadhibiwa kwa ajili yake. Nyumba tungepata nyingine. Kaka yako ni huyo mmoja."

Nje gari lilipiga honi. Editha alikwenda kufungua geti, na kabla mgeni hajashuka, alimwamkia.