Alichokijua Bi Mwatima

Bi Mwatima alimimina unga kwenye sufuria, akashika mwiko, akakaa anautazama. Kisha akamwuliza bintiye Mize, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia katika mji wa ugeni, mkate huu unafunikwa au haufunikwi.

Mize alicheka. Mamaake alipika mkate wa kumimina tangu yeye hajazaliwa, na nusu ya Ngamiani ilifuturu kwa mkono wake. Lakini kicheko kilimkatika njiani. Kanga ya mamaake ilikuwa ikinuka wino mbichi, na mama yule hakuwahi kushika kalamu. Ukutani, nyuma ya kabati, kitu kilikwaruza taratibu, kama nibu juu ya karatasi. Mize akajiambia ni panya.

Asubuhi hiyohiyo kaka yake, Uweso, alikuwa shuleni akifanya mtihani wa darasa la kumi.

Huyu Uweso tumseme kama alivyokuwa, Mola atusamehe tukizidisha, maana kila mmoja wetu ana aibu yake iliyositiriwa. Alikuwa na kalamu ya wino yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu na kitana mfuko wa nyuma, na kati ya hivyo viwili kilichochakaa ni kitana. Mwenzake wa dawati la pili, Zebedayo, Mbondei aliyetoka Maramba, alipokuwa akikesha na vitabu, Uweso alimwita kobe, na darasa likacheka. Mtihani ulipokaribia ndipo akagundua kuwa aljebra haijibiwi kwa kuchana nywele. Angeweza kuketi asome. Angeweza hata kumwomba yule kobe amfundishe. Lakini mtu wa namna ile huona taabu kujifunza kuliko kwenda motoni. Akaazima baiskeli, akaenda Kigombe kwa mganga mmoja akiitwa Sadalla, katika wale wanaoanza na bismillahi wakamalizia na mambo ambayo bismillahi haiyajui.

Sadalla hakumdanganya, hilo tumpe. Alimweleza kuwa jini hajui ghaibu; wangeijua, majini wasingeendelea kumtumikia Nabii Suleiman hali amekwisha kufa, amesimama na fimbo yake. Ila jini huingia palipofungwa. Atachungulia karatasi ndani ya kasha la mwalimu, atazunguka kwa wanaojua majibu, atayaleta. Na ujira wake si kuku wala ubani.

"Ujuzi kwa ujuzi," alisema Sadalla. "Kwenu nani anajua mambo?"

Uweso hakufikiri sana. "Mamaangu anajua mengi, lakini ni ya jikoni na ya mazishi. Upuuzi tu. Hayo ayachukue."

"Umempa?"

"Nimempa."

Inasemekana hata Sadalla aligeuza uso akatema mate.

Basi ndani ya chumba cha mtihani, jua la saa nne likipiga madirishani, Uweso alishika kalamu yake na kalamu ikaenda. Iliandika bila yeye kuelewa inaandika nini, na alipoinua mkono kujifuta jasho alisikia bado kukwaruza kunaendelea, karibu sana na sikio lake, na pumzi ya mtu asiyeonekana ikimpuliza shingoni, ikinuka udi uliochanganyika na wino. Aliogopa, ndiyo. Lakini alipoona ukurasa umejaa, alitabasamu.

Kila karatasi aliyojaza, nyumbani kilipungua kitu. Bi Mwatima alisahau njia ya kisimani. Akasahau majina ya majirani. Siku ya tatu ya mtihani akafa Bi Kijakazi, mwanamke wa nyumba ya pili, na kama kawaida akaitwa Bi Mwatima, kwa kuwa yeye ndiye mwosha maiti wa mtaa, na hakuna mwanamke pale ambaye mamaake au bibiye hakupitia mikononi mwake. Wakaingia nyuma ya pazia, maji yakaletwa, karafuu maiti ikaletwa, akapewa kata mkononi, akasimama nayo maji yakimdondokea miguuni, akimtazama marehemu, tone baada ya tone, hata wanawake wakaanza kutazamana, na mahali palipotakiwa kunuka karafuu maiti pakaanza kunuka wino, na katika ukimya ule wote wakasikia kitu kinakwaruza chini ya kitanda cha kuoshea, ndipo Bi Mwatima akainama akasema kwa upole, "Dada, amka ule, mbona umelala mchana?"

Walimtoa nje wakimshika mikono.

Magharibi hiyo alisimama kusali. Mize, aliyekuwa nyuma yake, alimsikia akianza Alhamdu, akafika Maliki yaumiddin, akanyamaza. Mize alingoja. Mamaake akaanza upya, akafika palepale, akanyamaza tena, kama mtu aliyefika ukingo wa shimo. Kisha akageuka, uso umelowa machozi, akanong'ona, "Mwanangu, kuna mtu ananifuta."

Mize akajifunga ushungi akaenda kwa Mzee Jaku, Mpemba aliyesomesha Kurani mtaani na kutibu kwa aya, asiyetaka ngoma wala kelele. Alikuja kesho yake, Alhamisi alasiri, Uweso amekwisha kumaliza karatasi ya mwisho. Akafukiza ubani, akasoma Ayatul Kursiyu juu ya bakuli la maji, akamrushia Bi Mwatima usoni. Mama akanyooka mgongo. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya kiume, kavu, yenye adabu kama ya karani wa ofisini.

"Shikamoo, Shekhe. Usijichoshe. Sikuingia kwa nguvu."

"Nani kakuleta?"

"Nimeitwa, nimefanya kazi, nimelipwa. Mimi hamali tu. Mwizi mnaye, mnamlisha wali."

Wote wakamtazama Uweso, aliyejikunja pembeni ya mlango. Palepale akatapika habari yote, Kigombe na Sadalla na ile ahadi, akilia hata kitana kikamdondoka.

Mzee Jaku aliuliza kama inatosha Uweso kutubu. Jini akasema toba ni baina yake na Mola wake, haimhusu. Yeye anajua bidhaa. Karatasi zile zilikuwa bado shuleni, kesho asubuhi zinapanda gari la moshi kwenda kusahihishwa. Uweso aende kwa mwalimu wake aseme majibu si yake, karatasi zitolewe, na Bi Mwatima atarudishiwa kila kitu, hadi chumvi ya mkate. Zikishaondoka, mauzo yamekamilika.

"Naondoka zangu hapo hapo akisema," ilisema sauti ile, kisha ikacheka kidogo. "Lakini nimekaa kichwani mwa kijana huyu wiki nzima, Shekhe. Ni peupe mle. Hatasema."

Uweso akaapa. Akashika miguu ya mamaake, akaapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la babaake. Mzee Jaku akamwambia hahitaji viapo vyote hivyo, anahitaji sentensi moja tu.

Ijumaa asubuhi akaenda kweli. Alimkuta mwalimu mkuu, Mzungu mmoja mfupi, amesimama barazani anayeyusha lakiri ya muhuri juu ya kamba za kasha la karatasi, na Zebedayo ameshika mshumaa. Mwalimu akamwuliza anataka nini.

Sentensi ilikuwa mdomoni. Lakini akilini akaiona tai shingoni mwake. Akaiona meza ya karani na pangaboi likimzungukia juu ya kichwa. Akamfikiria mamaake, akajiambia kwamba wazee husahau tu, ni umri.

"Nimesahau kalamu yangu, bwana," alisema.

Mwalimu akamwambia aichukue haraka. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati lake, kifuniko kinang'aa. Zebedayo aliiona. Alihamisha macho kama mtu aliyekanyaga uchafu, lakiri ikamwagika, muhuri ukagongwa.

Saa hiyo Ngamiani, Mize alikuwa akimsuka mamaake nywele, akimtuliza kwamba Uweso amekwenda shuleni, atarudi na kheri.

"Uweso ni nani?" akauliza Bi Mwatima.

Matokeo yalipotoka Uweso alikuwa wa kwanza, akapewa kazi ya ukarani. Siku ya kwanza alirudi nyumbani na tai yake. Bi Mwatima, aliyekuwa amekaa mkekani akitazama mikono yake kama ya mtu mwingine, alipoona bwana aliyevaa vizuri akainuka kwa heshima, akavuta kanga kichwani.

"Shikamoo, bwana," alimwambia mwanawe. "Umekuja kumtazama nani?"

Na Uweso akaitikia marahaba.

Lakini ofisi si mtihani wa wiki moja. Haikuchukua muda akapewa barua na hesabu asizozielewa, na bosi wake akaanza kumtazama kwa jicho la kushangaa. Adhuhuri moja, ameinamia karatasi nyeupe, akasikia tena nyuma ya sikio: kukwaruza, taratibu, kwa subira. Na ile sauti kavu yenye adabu ikamwuliza kama nyumbani yupo mwingine.

Jioni hiyo alimkuta Mize sebuleni anafunika msahafu wake. Akakaa karibu naye, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Mize, dadangu," alisema, sauti laini kama siagi. "Siku hizi umehifadhi hadi juzuu gani?"

Mize alinusa. Wino. Akamtazama kakaye uso kwa uso, na yeye ambaye hakuwahi kusema uongo akausema huo mmoja.

"Mimi sijui kitu, kaka. Sijui alifu wala be."

Akaubeba msahafu kifuani, akamshika mamaake mkono, wakatoka kwenda kwa Mzee Jaku, wala hawakurudi kulala mle tena. Uweso akabaki peke yake. Kukwaruza kukatoka ukutani, kukapita sakafuni, kukapanda mguu wa kiti alichokalia. Nyumba ile ilikuwa imebakiwa na mtu mmoja tu wa kuchukuliwa alichonacho, ingawa, tuseme kweli, hakuwa na kingi.