Mguu wa Mama Awino

Kama ulipita Migori mjini Jumamosi yoyote mwaka jana, ulimsikia Gisiri hata kama hukumwona. Alisimama mbele ya duka la nguo, kofia nyekundu kichwani, kipaza sauti mkononi, akiwaita wateja kwa sauti za watu wengine. Mara ni kasisi, mara ni chifu, mara ni mama anayelilia bei. Watu walijaa, wakacheka, wakanunua. Kijana huyu Mkuria wa Kehancha alikuwa na kipaji, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha mahali pa kukikomesha.

Jumamosi moja alikuja Awino, gauni la kitenge cha bluu, nywele zimesukwa kuelekea nyuma.

"Hii sati ni ngapi?" akauliza, kwa lafudhi ya Kijaluo.

Gisiri akadaka papo hapo. "Hii sati ni ngapi? Nipunguzie, samba yangu haijazaa!"

Umati ukaangua kicheko. Awino akanyoosha mkono, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Umeniiga ama umenidhihaki?"

"Kwani kuna tofauti, siste?"

"Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, hapo Suna. Tofauti iko. Kuiga ni neno letu wenyewe, hata mtoto hujifunza kutembea kwa kuiga. Dhihaka tulipewa na Waarabu. Kwao mzizi wake ni kucheka tu. Sisi tuliipokea, tukaiongezea mwiba."

Watu wakamshangilia mwalimu. Gisiri akamuuzia shati na kumwomba namba ya simu, kwa sauti yake mwenyewe.

Tangu hapo kila jioni ilikuwa simu.

"Neno la leo, mwalimu wangu?"

"Masihara. Pia ni la Waarabu. Kwao lilikuwa la mtu anayechekwa na wote."

"Basi huyo ni mimi."

"Ni wewe, herana, mpenzi wangu. Na bado unalipwa."

Walicheka hadi salio likaisha. Ilipofika Desemba, Awino alisema ni wakati Gisiri ajulikane kwao, Homa Bay.

Alifika amevaa suti ya kijivu, amebeba sukari na majani chai. Sebuleni, kwenye kochi la mbele, aliketi mwanamke aliyejipamba, gauni linang'aa, akamkaribisha kwa maneno mengi. Gisiri akaamua moyoni kwamba huyo ndiye mama mkwe, akawa hamtazami machoni. Mbali, karibu na mlango wa jikoni, juu ya kigoda, alikaa mwanamke mwenye mvi kichwa kizima, uso umechomwa na jua. Huyo bila shaka ni nyanya yake Awino. Na kwa Wakuria, kama kwa Wajaluo, nyanya ni mtu wa kutaniana naye.

Kosa lilikuwa hapo. Mama mkwe hasogelei mkwe. Yule wa mlangoni alijitenga kwa heshima, kama desturi inavyotaka. Utambulisho ulikuwa ufanyike baada ya kula, na Awino, aliyekuwa jikoni akisonga ugali, hakuwa amemweleza nani ni nani.

Kuku wakaingia. Mwanamke wa mlangoni akainuka kuwafukuza, akichechemea mguu wa kulia, sauti yake ikikwaruza. Gisiri akaruka kutoka kitini. Akaweka sinia kichwani kama mama wa sokoni, akamfuata nyuma akichechemea vilevile, akikwaruza vilevile. Alipatia kila kitu, hata namna alivyoshika kiuno.

Nyumba nzima ilicheka. Kisha wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine. Yule mama aligeuka, akamwona mgeni na sinia lake. Alijifunga leso vizuri, akatoka kwenda kwa jirani.

"Huyo ndiye mama yake Awino," akasema mwanamke wa kochini. "Mimi ni shangazi."

Gisiri alitamani ardhi immeze. Alirudi Migori bila kula, akapiga simu njia nzima. Awino alishika mara moja tu.

"Awino, ulikuwa mzaha. Nilidhani ni nyanya."

"Mzaha ni Kiarabu, Gisiri. Mama yangu anajua neno moja tu la Kijaluo, jaro. Hilo halina kicheko ndani. Ni kumfanya mtu asiwe kitu."

Akakata. Wiki tatu hakushika tena. Gisiri alisimama mbele ya duka, akafungua mdomo amwigize chifu, akaufunga tena kwa aibu. Sasa kila mteja aliyepita alikuwa mtu mwenye mama nyumbani.

Jumamosi ya nne alikwenda soko la Homa Bay. Mama Awino alikuwa nyuma ya rundo la omena, wale dagaa wa ziwani. Gisiri akachutama mbali naye, macho chini.

"Mama, mimi ni Gisiri. Nilikutukana ndani ya nyumba yako. Nimekuja kuomba msamaha. Sina kisingizio."

Mama aliendelea kupima omena.

"Hii mguu uliigiza vizuri. Unajua ilitoka wapi?"

"Sijui, mama."

"Nilianguka Remba, ile kisiwa, kwa mawe, beseni ya samaki iko kichwa. Awino alikuwa fomu ya pili. Nilirudi kuuza kabla mfupa ishike, ndio asome hiyo Kiswahili yake."

Nyuma yao mfuko ulianguka. Awino alikuwa amekuja kumsaidia mama yake, kama kila wikendi, na alikuwa amesikia.

"Mama, usimlaumu yeye peke yake," akasema. "Hata mimi nilicheka. Nilichungulia kutoka jikoni, nikacheka."

"Najua. Watu walicheka wengi, lakini kicheko yako naijua tangu uzaliwe."

Awino akaketi chini, na gauni lake zuri, akajifunika uso.

"Ndio maana hukushika simu?" Gisiri akauliza polepole.

"Nilikuwa nikiona jina lako naona mdomo wangu ukicheka. Ilikuwa rahisi zaidi kukukasirikia wewe."

"Bado nakutaka, Awino. Nataka nikuoe."

Awino alimtazama mama yake.

Mama Awino akamfungia mteja omena, akampa. Kisha akasema, bado kwa Kiswahili, ili mgeni naye aelewe:

"Huyu hakunijua. Yeye nimemsamehe, alete wazee wake mwezi wa nne. Wewe ulinijua, Awino. Wewe nipe muda."