Joto la Shingoni

Mpira ulitoka kwa kipa, ukafika kwa beki wa kati, ukamkuta kiungo amekwisha kugeuka, na kabla mtu hajamaliza kupiga chafya ulikuwa wavuni. Hakuna aliyeuita. Hakuna aliyeinua kichwa kutazama mwenzake yuko wapi. Katika uwanja wa klabu ya Ukungu, jijini Mbeya, wachezaji walikwisha kuacha kuinua vichwa, maana hapakuwa na haja.

Juu yao zilielea kamera zenye mabawa ambazo watu waliziita nyuki. Kila zilichokiona kilipelekwa kwa akili mnemba iliyofungwa chini ya jukwaa kuu, nayo ikaamua, na uamuzi ukarudi kwa mchezaji kupitia punje. Punje ilikuwa ndogo kama ulezi, imepandikizwa chini ya ngozi nyuma ya sikio. Joto likija shingoni upande wa kulia, toa pasi. Likija kushoto, kokota mpira. Likija kisogoni, piga. Mguu ulilitii joto kabla mwenye mguu hajajua.

Aliyebuni punje ni Sikudhani Mbwana, mhandisi wa Tanga aliyegeuka kocha. Zamani alifundisha kwa filimbi na swali. Shambulizi likikwama alisimamisha mazoezi, akamwendea aliyekuwa na mpira na kumuuliza, "Uliona nini?" Huyo alijikuna kichwa, akasema alimwona winga yuko huru ila akaogopa, au hakuona kitu kabisa, na hapo ndipo walipoanzia upya. Kazi ilikuwa inachosha. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Sikudhani kwa bahati mbaya alipewa timu ya vipara. Punje iliwaotesha wote nywele za aina moja, na Ukungu wakabeba kombe misimu mitatu mfululizo.

Siku hizi hakuuliza tena. Alikaa kwenye benchi akatazama mabao yakiingia, na kila bao alilihisi kama mtu anavyohisi koleo la daktari kwenye fizi iliyotiwa ganzi: anajua kuna kitu kimepita.

Asubuhi ile mshambuliaji wake, Lusajo Mwakipesile, hakuonekana mazoezini. Kocha msaidizi, Gwamaka, alimfuata Sikudhani pembeni mwa uwanja.

"Mwalimu, Lusajo yuko hospitali. Mama yake kazidiwa."

"Maskini. Mwambie achukue siku anazotaka."

"Hospitali ndio walionipigia. Wanasema wanamuuliza jambo, hawajibu."

"Jambo gani?"

"Nenda mwenyewe, Mwalimu. Mimi nimeongea naye kwenye simu, sikumwelewa."

Sikudhani alimkuta Lusajo kwenye benchi la korido ya hospitali, amevaa suti ya mazoezi, mikono juu ya magoti. Mbele yake alisimama Daktari Atupele, ameshika kioo ambacho ndugu wa mgonjwa hutia alama ya kidole kuridhia matibabu.

"Moyo wa mama unashindwa," daktari alimweleza Sikudhani. "Tunaweza kumfanyia upasuaji. Mikono ya roboti haitetemeki, lakini mwili wake umechoka, anaweza kufia mezani. Tusipomfanyia, ataondoka taratibu, bila maumivu. Mama mwenyewe hana fahamu, na sheria inakataza mashine kuamua hili. Ni mtoto wake wa pekee. Tunamuuliza tangu alfajiri."

Sikudhani alimfahamu mama huyo. Kabla ya punje, alikaa nyuma ya goli kila mechi, akimpigia mwanawe kelele, "Amua, baba! Amua!" mpaka jukwaa zima likacheka. Punje ilipokuja alihudhuria mechi moja tu, akasema hana tena wa kumpigia kelele. Hakurudi.

"Shikamoo, Mwalimu," Lusajo alisema.

"Marahaba. Pole sana, mwanangu."

"Asante. Umekuja na kiwashio?"

Punje zilizimwa kila mazoezi yalipoisha, na kiwashio kilikaa kwa Sikudhani.

"Punje haijui mambo ya hospitali, Lusajo. Inajua pasi, kukokota na kupiga."

"Najua. Niwashie tu. Labda joto litakuja."

Vidole vyake vilikuwa vinapapasa shingo, kulia, kushoto, kisogoni. Uso haukuwa na hofu wala majonzi. Sikudhani alijua kwamba jambo hilo lilistahili kumtisha, akasubiri kutishika, lakini kilichokuja ni uchovu tu. Akaketi kando yake.

"Tufanye kama zamani," alisema. "Tazama mbele yako. Unaona nini?"

Lusajo alitazama mbele, kwa utiifu.

"Uwanjani, mbele ni kule kwenye goli," alisema. "Hata joto lisipokuja, goli naliona. Hapa, Mwalimu, goli liko wapi?"

Sikudhani alikuwa amefundisha kushambulia nusu ya maisha yake. Mbele kwanza; mbele kukifungwa, pembeni; kote kukifungwa, rudisha nyuma ujipange. Alitafuta katika hayo yote neno moja la kumpa, akakosa.

"Moyo wako unataka nini?"

"Sijui. Nikijiuliza, panakuwa kimya." Akamgeukia. "Niambie tu, Mwalimu. Kulia au kushoto."

"Huyu ni mama yako. Mimi siwezi kukuamulia."

"Mbona unaniamulia siku zote?"

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira, Sikudhani angeshukuru. Daktari aliinamisha macho.

"Wamfanyie," Sikudhani alisema.

Kidole cha Lusajo kilikuwa kwenye kioo kabla neno halijaisha. Jicho la kocha likaona jinsi alivyokuwa mwepesi, likasifu, na Sikudhani akalichukia jicho lake mwenyewe.

"Jibu hili tungelipata alfajiri..." Daktari Atupele alisema, akaondoka bila kumaliza. Mama Lusajo alifariki mezani kabla ya magharibi.

Siku ya maziko kulikuwa na manyunyu. Timu nzima ilikuja, wakajipanga nyuma ya Lusajo, kila mmoja na konzi ya udongo mkononi. Punje zote zilikuwa zimezimwa. Mchungaji alimaliza sala, akampa Lusajo ishara. Lusajo hakutupa.

"Tupa, mwanangu," mchungaji alimnong'oneza.

Ndipo Lusajo akafanya jambo ambalo Sikudhani hakuwa ameliona tangu msimu ule wa vipara. Aliinua kichwa. Akatazama waombolezaji mmoja mmoja mpaka akampata Sikudhani, na macho yake yakatulia hapo. Wenzake nao wakainua vichwa, wote, wakamtazama kocha.

"Amua, baba," Sikudhani alisema. Sauti ilimtoka ndogo, ya mtu aliyeazima maneno ya marehemu.

Walisubiri. Manyunyu yaliulowesha udongo, ukaanza kuchuruzika kati ya vidole vyao. Mchungaji alikohoa.

Sikudhani akainua mkono, kama anavyofanya mazoezini. Udongo wote ukaanguka juu ya jeneza kwa pamoja, mshindo mmoja.

"Angalia vijana walivyo na nidhamu," mama mmoja nyuma yake alimwambia mwenzake. "Hawa wamefundishwa."

Sikudhani alimsikia vizuri. Akashusha mkono.