Pumzi Ndani ya Chuma

Kazi iliyobaki jioni ile ilikuwa ndogo tu: kukagua vipimio nilivyovibandika kwenye chuma, kufunga kifuniko, kuwasha pampu. Desemba hapa Halifax giza huingia mapema, na theluji ilikuwa imeshaziba madirisha ya karakana.

Kipande cha kupimwa kilikuwa cha mviringo, kama pipa kubwa lenye kifuniko, kimekatwa kwenye ubavu wa nyambizi iliyostaafishwa. Tulitaka kujua kama chuma kilichozeeka baharini bado kina nguvu. Nyambizi nyingine mbili za umri ule ule zilikuwa zingali kazini, na watu ndani yake.

Mume wangu, Alban, alifia ndani ya ile iliyostaafishwa. Moshi. Yeye na wenzake watano, nyuma ya mlango uliofungwa ili wengine wapone. Watu walishangaa nilivyoikubali kazi ile. Mimi sikuhisi kitu. Tangu mazishi nilikuwa na ganzi, kama mkono uliolaliwa.

"Dada Odile, unavyovipapasa hivyo vipimio, utadhani unambandika mtoto plasta," alinitania Murdoch, mhandisi wetu. Ndiye aliyepiga hesabu kwenye kompyuta kujua kipande kitabonyea kwa presha ipi.

"Washa pampu, wacha maneno."

Tukakizamisha kwenye tangi, maji yakaanza kukikandamiza pande zote. Presha ikapanda. Chuma kikalia... nguuuu... kama kawaida yake. Ikafika pale Murdoch alipopatabiri.

Kimya.

Presha ikapita hapo.

"Mama yangu!" Murdoch akanong'ona. "Bado kimesimama."

Ndipo spika ya kifaa cha kusikilizia mlio wa chuma ilipoanza kutoa sauti nyingine. Nzito. Ya taratibu. Inaingia... inatoka... inaingia...

"Unasikia?"

"Ni pampu hiyo," nikasema.

Akazima pampu.

Sauti ikaendelea.

Kwenye skrini, vipimio vyote vilionyesha chuma kikisukumwa kuelekea ndani. Isipokuwa sehemu mbili, kila moja upana wa kiganja. Hapo kilikuwa kikisukumwa kwenda nje.

Harufu ya dizeli na sabuni ya msonobari ikajaa karakana. Alban akirudi kutoka baharini, hata aoge vipi, alinukia hivyo.

Murdoch macho yalimng'aa. "Kumbe kina nguvu kuliko hesabu zangu! Wakiona hii, zile mbili wataziruhusu zishuke chini zaidi."

"Si chuma hicho, Murdoch."

"Nini sasa?"

Nikaegemeza paji la uso kwenye tangi. Hata baridi yake sikuihisi.

"Alban," nikanong'ona. "Wenzako watashuka kwa kuamini mikono yako. Huko hutakuwepo. Acha, mpenzi. Inatosha."

Pumzi ikakatika katikati.

Mshindo!

Sakafu ilitikisika mpaka vikombe vikadondoka mezani.

Tulipokitoa, kipande kilikuwa kimekunjika kama kopo la bia lililokanyagwa. Maji hayakuwa yameingia. Mtu hakuwepo. Ila kifuniko chake, upande wa ndani, kilikuwa na ukungu, kama kioo kilichohemewa karibu.

Murdoch akaketi sakafuni. "Niandike presha ipi?"

"Ile ya hesabu zako."

"Na hii ya juu, wakiniuliza?"

"Sema Odile Surette alibandika vipimio vibaya. Nitakubali."

Akaandika. Zile nyambizi mbili zikapigwa marufuku kushuka kina kirefu, na mpaka leo hakuna aliyezama nazo.

Sikulia. Nilikwenda nyumbani, nikapasha supu ya samaki, nikaila nimesimama. Nyumba ilikuwa kimya kuliko nilivyoizoea. Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile haikuwa kimya kweli.

Jumatatu Murdoch alitoka kwenda uani kufuta theluji juu ya kipande cha pili, kilichokatwa kwenye nyambizi ile ile. Alichelewa. Aliporudi hakuwa na utani. Sikio lake moja lilikuwa jekundu kwa baridi, kama mtu aliyelilaza juu ya chuma.

"Dada Odile," akasema polepole. "Wale wengine watano... majina yao unayajua?"

Nilikuwa nayajua. Wote walishakula mezani kwangu.

Nikachukua koti.